Brekipedi Zisizolika

Maneno yaliingia nyumbani kwa Mama Cherehani yakiwa yamevaa gauni ambalo halijaisha kushonwa. Mteja alikuja kujaribu gauni lake, akasimama katikati ya chumba mikono juu, na Mama Cherehani alikuwa amepiga magoti akirekebisha pindo, pini zimejaa mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuuliza wala kubisha. Ndiyo maana aliyasikia yote.

"Umesikia habari za hizi brekipedi za pikipiki?" mteja alisema. "Mwenzangu, ni makaratasi! Maboksi ya viatu wanayaloweka, wanayashindilia na gundi, wanayapaka rangi nyeusi, wanauza. Kuna kijana huko ng'ambo alibana breki, ikamumunyika kama biskuti kwenye chai. Waliokwenda kumwokota walikwenda na shuka."

"Mmh," Mama Cherehani alisema kupitia pini zake.

"Mimi sikumwona. Nimeambiwa na mtu wa jirani yake. Hapo kwapani pamebana, hebu paachie kidogo."

Mteja alikwenda zake na gauni lake, na amani ya nyumba ile akaondoka nayo.

Maana siku hizohizo brekipedi za pikipiki yao, vile vipande vinavyobana gurudumu lisimame, zilikuwa zimekwisha. Aliyeiendesha ni binti yake mkubwa, ambaye watoto wa mtaani walimwita Mkate Moto kwa sababu alisambaza mikate ya kiwanda kidogo cha kuoka kilichokuwa mwisho wa mtaa wao. Kiwanda kilikuwa juu, wateja walikuwa chini, na kati yao palikuwa na mteremko mmoja mrefu unaoshuka baina ya kuta za mawe mpaka darajani. Mama Cherehani alikuwa akimwona mwanawe kwenye mteremko ule kila siku kabla hata hajafumbua macho.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mumewe. Aliinunua angali kijana, hajaoa, ndiyo maana pale nyumbani waliiita Bi Mkubwa. "Mimi hapa niliolewa mke wa pili," Mama Cherehani alipenda kuwaambia wateja. "Nilipoingia nilimkuta mwenzangu sebuleni, tangi linang'aa, anapanguswa kama mtoto mchanga. Mimi hata kuambiwa pole ya safari sikuambiwa." Sasa mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, kikombe kikijaa hakifiki mdomoni, na usukani wa Bi Mkubwa alikwisha kumkabidhi binti yake. Lakini kitambaa cha kumpangusia hakukiachia mtu.

*

Siku ya kwenda kununua, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na gurudumu la mbele.

"Chukueni zile laini," alisema. "Hii sahani inayobanwa na breki ni ya chuma cha zamani, chuma laini. Inataka kitu laini mwenzake. Ukiiwekea ngumu, zitagombana."

"Laini ndizo za maboksi," mkewe alijibu.

"Maboksi gani?"

"Wewe kaa hapo na bi mkubwa wako. Anayeteremka mlima ni mwanangu."

"Na mimi ni nani, mpangaji?"

Tangu mikono ile ianze kutetemeka, maneno yake nayo yalianza kuonekana kama yanatetemeka, na mwenyewe alilijua hilo. Aliinama akaendelea kupangusa.

Walikwenda watatu: mama, binti, na fundi aliyekuwa akiitengeneza pikipiki ile miaka yote. Mwenye duka la vipuri alikuwa mtu wa maneno, amekaa nyuma ya meza ya kioo anachokonoa meno.

"Hiyo pikipiki bado inatembea?" aliuliza alipotajiwa jina lake. "Nilidhani wenzake wote wamekwisha kuzikwa."

"Inatembea kuliko wewe uliyekaa," Mkate Moto alisema.

Wateja wengine walicheka, na mwenye duka naye akacheka, akaingia ndani, akatoka na aina tatu. Alizipanga juu ya kioo kama mtu anayepanga samaki. Za kwanza zilikuwa nyeusi, hazina mng'ao. Za pili zilikuwa za pikipiki ya aina nyingine, mpaka zipigwe tupa ndipo ziingie. Za tatu zilikuwa nzito, zina rangi ya shaba, zimefungwa kwenye nailoni safi.

Fundi alichukua zile nyeusi bila hata kutazama nyingine. "Hizi ndizo zake."

Mama Cherehani alimpokonya moja, akaikwaruza kwa ukucha. Unga mweusi ukatoka. Aliutazama ule unga kwenye kidole chake, na yale maneno ya mteja yakamrudia yote, na biskuti yake, na chai yake, na shuka.

"Unaona?" alimwambia fundi. "Unaona hii?"

"Naona, mama. Ndivyo zinavyotakiwa kuwa."

"Kumumunyika?"

"Mama yangu, breki ni kama kifutio cha mtoto wa shule. Kinafuta kwa sababu kinalika. Kifutio kisicholika hakifuti, kinachana daftari."

Mama Cherehani alichukua zile za rangi ya shaba, akazikwaruza. Ukucha wake ukavunjika. Alihisi maumivu, na pamoja na maumivu alihisi faraja ambayo hakuwa nayo tangu siku ya lile gauni.

Katika nyumba yake kila kitu kilinunuliwa kwa kipimo kimoja tu: kitadumu? Sufuria ilinunuliwa kwa kugongwa, sabuni kwa ugumu wake, viatu kwa kukunjwa soli. Hivyo ndivyo alivyolea watoto, na hawakuwahi kwenda peku. Mtu asije leo akamwambia kwamba kinachoisha haraka ndicho kizuri.

"Hizo, mama, utawarithisha wajukuu," mwenye duka alisema. "Chuma kitupu hicho."

"Mama," Mkate Moto alisema taratibu, "fundi ndiye anayejua."

"Na mimi ndiye niliyekuzaa."

"Sasa kunizaa na brekipedi..."

"Nyamaza." Kisha akamgeukia fundi, na neno ambalo watu wote huwawazia mafundi lakini hulimeza likamtoka mbele ya watu. "Zile laini zikilika tutarudi kwa nani? Si kwako? Kila zikiisha, kwako. Sikulaumu, kila mtu anatafuta. Lakini usitafutie kwenye shingo ya mwanangu."

Fundi aliirudisha ile nyeusi juu ya kioo, polepole, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Haya," alisema. "Mwenye mali ndiye mwenye kauli."

Angeweza kukataa kuzifunga. Lakini angekataa na mteja angekwenda kwa fundi wa jirani, na fundi wa jirani angezifunga huku anapiga mluzi. Basi alizifunga yeye, bila kupiga mluzi. "Zikiwa mpya huchelewa kushika," alimwambia Mkate Moto akiwa bado amechuchumaa. "Nenda nazo polepole mpaka zizoeane na sahani. Na zitalia."

"Zitalia vipi?"

"Utasikia."

*

Zililia kama mbuzi anayevutwa sikio. Kila Mkate Moto alipobana breki, mtaa mzima ulijua amebana. Watoto waliacha mpira wakamfuata, mmoja anajifanya pikipiki, mwingine anajifanya mbuzi. Mbwa wa mwenye bucha aliinuka. Siku ya kwanza alicheka pamoja nao. Siku zilizofuata alianza kuzima injini kabla ya kufika kwa wateja, akawa anaisukuma kwa mikono, kreti ya mikate imemlemea mgongoni mwa pikipiki, ili tu isilie.

Siku moja alirudi mchana, akatupa glavu mezani juu ya kitambaa cha mteja.

"Leo yule mama wa duka la pembeni ameniziba masikio mbele ya watu. Si yangu, yake. Ameweka vidole hivi, anasema, binti, kesho uje kwa miguu. Halafu msimamizi ananiita. Eti Mkate Moto, sisi tunauza mikate au tunauza makelele? Eti nyumba ya wageni imepiga simu, tunawaamsha wageni wao."

"Ukamjibuje?" baba yake aliuliza.

"Nimjibu nini, baba? Yule kijana wa pikipiki mpya alikuwa amesimama palepale mlangoni, ameegemea. Pikipiki yake hata ukiiwasha husikii. Msimamizi anamtazama yeye, anazungumza na mimi."

Alicheka kidogo kuonyesha kwamba si neno. Kisha akaacha kucheka, akainuka akaenda kunawa uso, akanawa muda mrefu.

Mama Cherehani alichukua mtandio, akazifuata zile laini dukani.

Mwenye duka alikuwa na wateja. Alimwacha asimame. Alipomaliza na wa mwisho alichukua gazeti.

"Mwanangu," Mama Cherehani alisema, "nataka kubadilisha. Unipe zile nyeusi, nikurudishie zile ngumu. Hazijalika hata kidogo."

"Zimefungwa?"

"Zimefungwa, lakini fundi atazifungua."

"Mama, wewe si mshonaji? Mtu akilivaa gauni wiki nzima, akalitolea jasho, akakuletea umrudishie chake, unarudisha?"

"Sirudishi."

"Basi umejijibu."

"Niuzie zile nyeusi, basi, nitalipa mwisho wa mwezi."

"Zile nyeusi alichukua mtu jana. Na pikipiki kama yenu ziko ngapi mjini humu? Zikija tena labda mwakani." Akafungua gazeti. "Nilikupangia tatu hapa, ukachagua mwenyewe, ukamtukana na fundi juu yake."

Alipita kwa fundi. Aliambiwa amekwenda kijijini kwa matengenezo ya mashine ya kusaga, hajulikani atarudi lini. Akarudi nyumbani na mikono mitupu, akakaa kwenye cherehani, akashona mshono mmoja mara mbili bila kujua.

*

Asubuhi iliyofuata aliamka mbele ya wote. Binti alikuwa ndani anakunywa chai, anavuta vuta muda, maana hakuwa na hamu ya kwenda. Mama Cherehani alisimama mbele ya Bi Mkubwa akaitazama.

Mlango ukilia hupakwa mafuta. Bawaba ya dirisha, mafuta. Cherehani yake ikianza kulalamika, tone moja la mafuta kwenye kila tundu, na mchana kutwa inakwenda kama inateleza juu ya maji. Maisha yake yote hakuwahi kuona chuma kinachopiga kelele ambacho mafuta yalishindwa kukinyamazisha. Hakujua kwamba kiko chuma kimoja duniani ambacho kazi yake ni kukwaruzana, na kwamba kikiacha kukwaruzana hakina faida.

Alileta kichupa chake cha mafuta ya cherehani na unyoya wa kuku anaotumia kupakia. Akapaka ile sahani pande zote, taratibu, kwa uangalifu ule ule anaotumia kwenye gauni la bibi harusi. Akazungusha gurudumu, akapaka palipobaki. Akachovya tena, akapitisha unyoya pale ambapo brekipedi zinakutana na sahani. Akapangusa yaliyodondoka, maana hakupenda uchafu.

"Mama, unafanya nini hapo?" Mkate Moto alitoka na kofia yake.

"Namwamkia bi mkubwa. Nenda, mama, usichelewe. Funga hiyo kamba ya kofia."

"Nimefunga."

"Funga vizuri."

Binti aliwasha, akaondoka. Njia ya kwenda kiwandani ilikuwa tambarare. Pale kwenye kona ya watoto alibana breki kidogo tu, na Bi Mkubwa hakutoa sauti. Mama Cherehani alimwona anageuza kichwa, anatazama gurudumu, kisha anainua mkono mmoja kuwapungia wale watoto wanaojifanya mbuzi. Aliingia ndani na kichupa chake, moyo mwepesi kama pamba.

Alimpakulia mzee uji, nusu bakuli, asimwage.

"Nimemnyamazisha mke mwenzangu," alisema.

"Umemnyamazisha vipi?"

"Kwa mafuta ya cherehani. Mlikuwa mnazunguka na mafundi, na dawa iko humu ndani."

Kijiko cha mzee kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kilisimama. "Umepaka wapi?"

"Si pale panapolia? Kwenye ile sahani."

Mzee alijaribu kuinuka, akashindwa, akashika meza, bakuli likaanguka. "Mpigie," alisema. "Mpigie simu, mama. Mpigie sasa hivi asiteremke. Breki ikiingia mafuta haishiki, haishiki kabisa, mpigie!"

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita. Mkate Moto hakuwahi kupokea simu akiwa juu ya pikipiki, kwa sababu mama yake ndiye aliyemwapisha: hata nikiwa nakata roho, ukiwa barabarani usiguse simu. Mtoto alikuwa mtiifu.

Alipiga kiwandani. "Ametoka sasa hivi," msimamizi alisema. "Leo ameshehenesha kreti mbili, amechangamka kweli. Kuna nini?"

Alikimbia. Alikimbia na futi ya kupimia shingoni, viatu amevipigia teke njiani, na watu walipomwona mama mzima anakimbia vile walitoka milangoni wakauliza, "Mwizi? Mwizi yuko wapi, mama?" Wengine wakaanza kukimbia pamoja naye wakitafuta mwizi. Hakuwa na pumzi ya kuwaambia. Na angewaambia nini?

Alifika juu ya mteremko. Mbali chini aliziona kreti za manjano. Aliona mguu wa mwanawe unaburuzwa chini, soli inatoa vumbi, maana breki ya nyuma ya Bi Mkubwa tangu zamani ilikuwa ya kusindikiza tu, na kwa mzigo ule haikuwa kitu. Aliona watu wanaovuka daraja, wengi, ni saa ya kwenda kazini. Hakusikia mlio wowote. Breki zilikuwa kimya kama alivyotaka ziwe.

Mkate Moto aliwaona watu wale mapema kuliko walivyomwona. Aligeuza usukani akaingia ukutani.

Mikate ilifika darajani kabla ya mtu yeyote, inabingirika.

*

Walimwondolea mguu wa kulia, chini ya goti. Daktari alieleza kwa upole kwa nini haukuokolewa, na Mama Cherehani aliitikia kila sentensi "ndiyo" kama mtu anayepokea vipimo vya nguo.

Alipoanza kuzungumza, sauti ya binti ilikuwa nzito kwa dawa. "Mama, ilikataa. Nilibana mpaka vidole vikauma."

"Najua."

"Nikajua ni kule kuzoeana, fundi alisema huchelewa kushika. Fundi asilaumiwe, eti?"

"Fundi halaumiwi." Mama Cherehani alishika ukingo wa kitanda. "Ni mimi. Nilipaka mafuta asubuhi ile. Ulipokuwa unakunywa chai. Nilitaka isilie."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa, nesi akapita na beseni.

"Ndiyo maana ikanyamaza," Mkate Moto alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nilifurahi, unajua. Nilipita pale kwa watoto nikawapungia. Nikasema leo nitawakomesha." Alifumba macho. "Nani anapeleka mikate?"

"Yule kijana."

"Haya."

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mikono ameikalia ili isitetemeke mbele ya watu. Hakuwa amesema neno kwa mkewe tangu pale alipomwambia apige simu. Si kwamba alikasirika. Alisema maneno yake yote siku ile karibu na gurudumu, na hayakusikilizwa, na mengine hakuwa nayo.

"Mama," binti aliita, bado macho amefumba, "nikune. Kidole gumba cha mguu. Kinawasha kweli."

"Upi?"

"Wa kulia."

Mama Cherehani aliinua mkono wake. Akauweka juu ya shuka, pale mwisho wa kitanda, palipokuwa tambarare, akaanza kukuna shuka kwa kucha zake.

"Hapo?"

"Juu kidogo."

*

Mwenye mtoto anayepanda pikipiki, hasa pikipiki ya zamani, na ajiepushe na haya:

Usiamini maneno ya makaratasi na biskuti mpaka umwone aliyeyaona.

Usichague brekipedi kama unavyochagua sufuria. Ya kudumu si lazima iwe ya kushika.

Usimwite fundi dukani kisha ukamfunga mdomo.

Usimdharau mtu kwa sababu mikono yake inatetemeka.

Usipake mafuta kwenye sahani ya breki wala kwenye brekipedi. Wala grisi, wala nta, wala mafuta ya kula. Ilie tu. Wacheke wanaocheka.

Usiguse chombo cha mtu bila kumwambia ulichofanya, hata kama ni mwanao.

Usimruhusu ateremke mlima na breki ngeni kabla hajazijaribu kwenye tambarare, na mzigo wake ukiwa nyuma.

Usiikimbilie pikipiki iliyokwisha kuondoka. Huifikii.